Kodi ya mauzo ghafi ni nyepesi kwa nani?

Ushauri anaopewa mwenye biashara ndogo kuhusu kodi umekuwa mmoja: kama sheria inakuruhusu kulipa kwa asilimia ya mauzo ghafi, yaani jumla ya ulichouza kabla ya kutoa gharama yoyote, lipa hivyo, achana na mambo ya faida na hasara. Huhitaji mhasibu, huna haja ya kubishana na ofisa juu ya risiti ya usafiri. Unajumlisha mauzo ya mwezi, unapiga asilimia, unalipa, basi. Wanaoutoa ushauri huu wana nia njema, na kwa baadhi ya watu wako sahihi kabisa. Shida ni kwamba unagawiwa kwa kila mtu, na miongoni mwao wamo wanaoumizwa nao mwaka hadi mwaka.

Tuwape kwanza haki yao. Kutunza hesabu za faida ni kazi, na kazi hiyo humwangukia mtu yule yule anayenunua, anayeuza na anayefunga mlango jioni. Wauzaji wengi wa jumla hawatoi risiti inayokubalika, na gharama isiyo na risiti mara nyingi hukataliwa, kwa hiyo mtu aliyetoa fedha kweli hutozwa kodi kana kwamba hakutoa. Mhasibu naye ana ujira wake. Halafu kuna watu ambao kodi ya mauzo inawafaa bila ubishi: fundi, mshonaji, mtafsiri, yeyote anayeuza ujuzi zaidi ya bidhaa. Tuseme katika kila 100 anayouza anabaki na 60. Kodi ya mauzo ya 3% inamchukua 3, yaani 5% ya faida yake. Kodi ya faida ya 30% ingemchukua 18. Mtu huyu akae alipo.

Sasa mtazame anayenunua na kuuza bidhaa kwa faida nyembamba. Katika kila 100 anabaki na 5. Kiwango ni kile kile cha 3%, lakini kwake ni 3 kati ya 5: asilimia 60 ya faida yote. Ni nadra bunge kuthubutu kuitangazia kampuni kubwa kodi ya faida ya 60%. Mfanyabiashara mdogo anailipa bila kelele kwa sababu imevaa sura ya 3%, na 3% inasikika kama si kitu.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo linalosahaulika kila mara viwango vinapojadiliwa. Kenya ilishusha kodi yake ya mauzo kutoka 3% hadi 1% mwaka 2020, kisha ikairudisha 3% Julai 2023. Ukisikiliza haraka, ni nyongeza ya asilimia mbili tu. Kwa mwenye faida ya 5 katika 100, ni kutoka kutoa sehemu moja kati ya tano za faida yake hadi kutoa tatu kati ya tano. Biashara haikubadilika, wateja ni wale wale, na bei huenda hakuweza kuigusa kwa sababu jirani yake anauza bidhaa ile ile. Mwaka ukiwa mbaya akapata hasara, kodi hiyo iko pale pale, kwani mauzo yalikuwepo. Katika kodi ya faida, hasara haitozwi, na sheria za nchi nyingi humruhusu mtu kuisogeza mbele ipunguze faida ya miaka inayofuata.

Mpaka kati ya pande hizi mbili hupatikana kwa hesabu fupi. Gawanya kiwango cha kodi ya mauzo kwa kiwango cha kodi ya faida ambacho kingekuhusu. 3 kwa 30 ni 10%. Kama faida yako halisi iko chini ya 10% ya mauzo, kodi ya mauzo inakukandamiza. Ikiwa juu yake, inakupendelea. Lakini mtu binafsi mara nyingi hatozwi 30% kwa faida yake yote. Viwango hupanda kwa ngazi, na nchi nyingi zina kiasi cha chini kisichotozwa kabisa. Ikiwa kwa wastani ungelipa 15% ya faida, mpaka unapanda hadi 20%. Na ikiwa faida yako yote ya mwaka imo ndani ya kile kiasi kisichotozwa, kodi ya faida ni sifuri, ilhali ya mauzo bado inadaiwa. Kadiri mtu anavyokuwa mdogo ndivyo njia iliyotengenezwa kumsaidia inavyoweza kumgharimu.

Hesabu hiyo inadai ujue faida yako halisi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mchukue mwenye duka aliyeanza mwaka na bidhaa za 400 stoo, akanunua nyingine za 2,600, akauza kwa 3,000, na akatumia 520 kwa pango, usafiri, umeme na msaidizi. Akitoa manunuzi na matumizi kwenye mauzo anapata hasara ya 120, na kweli mfukoni hana kitu. Lakini akihesabu stoo siku ya mwisho wa mwaka anakuta bidhaa za 700. Alizouza basi zilimgharimu 400 kuongeza 2,600 kutoa 700, yaani 2,300. Faida kabla ya matumizi ni 700, na baada ya matumizi ni 180. Hakupata hasara, fedha zake zimesimama kwenye rafu. Faida ya 180 kwa mauzo ya 3,000 ni 6%. Kodi ya mauzo ya 3% ni 90, nusu ya jasho lake. Kodi ya faida, hata kwa kiwango kizima cha 30%, ni 54.

Mwenye duka huyo huyo anaweza kukosea kuelekea upande wa pili. Fedha anazochukua kwa matumizi ya nyumbani si gharama ya biashara, hata akiziita mshahara, kama biashara ni yake binafsi na haijaandikishwa kama kampuni. Rejesho la mkopo nalo si gharama. Riba ndiyo gharama. Friji aliyonunua haiingii yote katika matumizi ya mwaka mmoja isipokuwa sheria yake imeruhusu hivyo. Hukatwa kidogo kidogo kwa uchakavu. Anayeyachanganya haya hujiona maskini kuliko alivyo, kisha hushtuka ofisa anapompigia hesabu nyingine.

Hoja kubwa ya wapenzi wa kodi ya mauzo ni kwamba inamwondolea mtu daftari. Siikubali. Mauzo yenyewe lazima yathibitishwe. Ofisa akifungua taarifa ya benki au ya simu anaona fedha zilizoingia, na kila kilichoingia kinafanana na mauzo: mkopo wa chama, fedha za ndugu zilizopitia kwako, mtaji ulioongeza mwenyewe, amana ya mteja ambaye baadaye ulimrudishia. Asiye na kumbukumbu hana la kujibu, na anatozwa kwa mkopo kana kwamba ni mauzo. Sheria za nchi nyingi zinamdai mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka kadhaa, awe anatozwa kwa mauzo au kwa faida. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumtofautisha mlipa kodi mmoja na mwingine.

Watunga sheria wenyewe wameona tatizo hili, na majibu yao yanatofautiana. Ufaransa humkadiria mfanyabiashara mdogo gharama kulingana na kazi yake: muuza bidhaa hukatiwa 71% ya mauzo na kutozwa kodi kwa 29% iliyobaki, ilhali mtoa huduma za kibiashara hukatiwa 50%. Italia ina mpango wa aina hiyo, ambamo biashara ya kununua na kuuza huhesabiwa kuwa na faida ya 40% ya mauzo na kazi nyingi za kitaalamu 78%. Angalau mifumo hiyo inakiri kwamba muuza bidhaa na mtaalamu hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Hata hivyo ni makadirio, na anayebaki na 5 hafanani na 40, wala na 29. Tanzania imeenda njia nyingine ninayoipenda zaidi: jedwali lake la kodi ya makadirio kwa watu wadogo limekuwa na safu mbili, ya wenye kumbukumbu kamili na ya wasio nazo. Hapo sheria yenyewe inalipa thamani daftari.

Ujira wa mhasibu, hata hivyo, lazima uingie kwenye mizani, na hapa hoja ya upande wa pili ina uzito wake. Yule mwenye duka ameokoa 36 kwa kuhamia kodi ya faida. Kama kuandaa hesabu na ritani, yaani taarifa ya kodi anayowasilisha kwa mamlaka ya mapato, kunamgharimu 50, amepoteza. Kwa hiyo kwa mdogo sana, anayeuza kidogo mno, kodi ya mauzo inaweza kubaki na nafuu hata faida ikiwa nyembamba. Ila 36 hiyo huongezeka kadiri mauzo yanavyokua, wakati ujira wa mhasibu haupandi kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya kazi mwenye duka anaweza kuifanya mwenyewe: safu ya mauzo ya kila siku, safu ya manunuzi, safu ya matumizi, safu ya alichochukua yeye, na kuhesabu stoo siku moja ya mwaka. Mhasibu akiletewa daftari lililopangwa hivyo, saa zake hupungua, na bei yake pia inajadilika.

Kuhama kwenyewe kuna masharti. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria inamruhusu mtu kuchagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa faida, lakini lazima aiarifu mamlaka ya mapato kwa maandishi. Kwingine uchaguzi hufanywa kabla ya mwaka wa kodi kuanza na hauwezi kubatilishwa katikati. Anayetaka kujua upande wake aanze kuandika safu hizo sasa, ahesabu stoo leo na tena baada ya miezi mitatu. Akishapata faida halisi kwa asilimia ya mauzo, ailinganishe na ule mpaka unaotokana na viwango vya kodi vya nchi yake, na aulize tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa kabla haijampita.