Kati ya Watu Wangapi?

Mwezi Machi nilikuwa kwa Mjomba, Kariobangi South, nikitafuta sukari ya chai. Nikafungua kopo la zamani la maziwa ya unga, nikakuta karatasi tano za vidonge vya atorvastatini, hata kimoja hakijatobolewa. Mjomba aliendesha matatu karibu ujana wake wote. Mwaka juzi alipata kiharusi, mshipa wa ubongo uliziba, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haumtii sawasawa. Alitoka hospitalini na dawa tatu: ya presha, aspirini na hii ya kolesteroli. Mbili anameza. Ya tatu ilikuwa kwenye kopo.

"Mjomba, hizi mbona hujazigusa?"

"Za kwanza zilinikata miguu, mwanangu, nikaziacha. Halafu hebu sikiza hii."

Akanichezea sauti iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mtu asiyejitaja anasema dawa za kolesteroli zinaua ini, zinaleta ugonjwa wa sukari, zinafuta kumbukumbu, na kwamba kitunguu saumu na ndimu vitakuzibua mishipa kwa siku 21. Nikamuuliza Mjomba: siku ulipoandikiwa hii dawa, daktari alikueleza nini? Akafikiri kidogo. "Aliniambia nimeze kila jioni."

Ni hayo tu. Huyo wa kwenye simu angalau alimpa sababu, hata kama nyingi ni za uongo. Hospitali ilimpa amri. Mtu mzima ukimpa amri bila sababu, atatafuta sababu kwingine, na Nairobi sababu zinauzwa kila steji.

Nimesoma sana kuhusu statini, yaani jamii ya dawa za kupunguza kolesteroli ambayo atorvastatini ni mojawapo, tangu siku hiyo, na kila niliposoma nilijikuta nikirudia swali moja: kati ya watu wangapi, na kwa miaka mingapi? Ukiliuliza swali hilo, mengi yanayosemwa kuhusu dawa hizi yanabadilika sura, ya kuzisifu na ya kuzitisha.

Chukua wagonjwa wa aina ya Mjomba. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uitwao SPARCL. Uliwachukua watu 4,731 waliokuwa wamepata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, nusu wakapewa atorvastatini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amemeza kipi. Wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Kati ya kila 100 waliomeza kidonge kitupu, 13 walipata kiharusi kingine. Kati ya kila 100 waliomeza dawa, 11. Tangazo la kuuza dawa litakwambia hatari imepungua kwa asilimia 16, na si uongo. Lakini ni wawili kati ya 100, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo hivyo.

Utafiti huo huo ulionyesha jambo ambalo hata ile sauti ya WhatsApp haikulijua. Kiharusi cha kuvuja damu, tofauti na kile cha mshipa kuziba, kiliongezeka kidogo: watu 55 upande wa dawa, 33 upande mwingine, kila upande ukiwa na watu zaidi ya 2,300. Ukijumlisha vyote, faida ilibaki kubwa kuliko madhara, na mishtuko ya moyo nayo ilipungua. Je, wawili kati ya 100 ni wachache? Mimi nimemlisha Mjomba uji kwa kijiko wiki tatu, nikiupangusa unapomtoka kwenye pembe ya mdomo. Kwangu si wachache hata kidogo.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo tayari, hesabu ni nzito zaidi. Utafiti wa nchi za Skandinavia wa mwaka 1994 ulikuwa na wagonjwa 4,444. Kwa miaka mitano hivi walikufa 12 kati ya kila 100 wasiopata simvastatini, statini nyingine, na 8 kati ya kila 100 walioipata. Hapa sioni mjadala.

Mjadala upo kwa mtu kama mwenzangu wa ofisini, Westlands, mwenye miaka 34, hana presha, havuti sigara, aliyepimwa kwenye siku ya afya akaambiwa kolesteroli imepanda kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, uliowaangalia watu wasio na ugonjwa wa moyo ulisema hivi: ukiwapa statini watu 1,000 kwa miaka mitano, 18 wataepuka tatizo kubwa la moyo au mishipa. Na hatari ya kijana huyu ni ndogo kuliko ya wengi waliokuwa kwenye tafiti hizo. Akisema kwanza atapunguza mutura na kutembea kutoka kazini, akapimwe tena, sitamlaumu. Kosa ni kumpa yeye na Mjomba jibu moja.

Sasa miguu ya Mjomba. Maumivu yake ni ya kweli, na yeyote atakayemwambia anajidhania nitamkatiza. Ila chanzo chake ni swali lingine. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya jaribio liitwalo SAMSON. Waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ziliwasumbua, wakampa kila mmoja chupa 12 za mwaka mzima: nne zenye statini, nne zenye vidonge visivyo na dawa, nne tupu kabisa. Kila siku mtu anaandika kwenye simu ameumia kiasi gani, sifuri hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16.3. Miezi ya kidonge kisicho na dawa, 15.4. Yaani kitendo cha kumeza, pamoja na hofu inayokwenda nacho, kilileta karibu maumivu yote yaliyoongezeka. Walipoonyeshwa hesabu zao wenyewe, nusu yao walirudia dawa.

Haimaanishi misuli haidhuriki kamwe. Hutokea, kwa nadra, misuli ikavunjika na figo zikaelemewa. Mkojo unageuka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Na hapa kwetu kuna mtego ambao sijasikia mtu akiutaja kanisani wala hospitalini: dawa za vidonda vya tumbo, zile za kuua bakteria wa H. pylori. Nusu ya watu ninaowajua wameshazimeza, wengine wamezinunua tu dukani bila kuulizwa wanatumia nini kingine. Mara nyingi ndani yake mna klarithromisini, na klarithromisini inalizuia ini kuivunja simvastatini, dawa ikajaa mwilini. Hizo mbili hazimezwi pamoja. Atorvastatini nayo inahitaji tahadhari. Kabla ya kuogopa kila kidonge, mwambie mfamasia vyote unavyotumia.

Ugonjwa wa sukari? Kweli, statini huuongeza. Uchambuzi wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba ukiwatibu watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata sukari, hasa aliyekuwa tayari karibu nayo. Na kitunguu saumu kilipimwa kwa haki. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford waliwapa watu 192 kitunguu saumu kibichi, au vidonge vyake, au vidonge vya bandia, kwa miezi sita. Kolesteroli mbaya, ile inayoziba mishipa, haikushuka.

Jambo moja linaniuma. Tafiti nyingi nilizozitaja zilifanywa kwa Wazungu. Ndiyo maana niliusoma mara mbili utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliokuwa na watu 7,769 wanaoishi na virusi vya ukimwi, wakiwemo wa Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Pitavastatini ilipunguza matatizo makubwa ya moyo: kati ya watu 1,000 kwa mwaka, karibu 5 badala ya 7. Waganda wamehesabiwa humo. Nasi tuhesabiwe, tena tuelezwe matokeo kwa Kiswahili, si kwa karatasi inayofungiwa kabatini.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza Mjomba kliniki. Nilikuwa nimemwandikia swali nyuma ya kadi yake, na alilisoma mwenyewe, polepole: "Daktari, kati ya watu 100 kama mimi, hii inasaidia wangapi na inaumiza wangapi?" Daktari, binti wa rika langu, aliweka kalamu chini. Akamweleza kwa dakika kumi, akichora duara ndogo ndogo kwenye karatasi. Kisha akampimisha damu kuona kama misuli imedhurika, ikatoka salama, akamwanzishia dozi ndogo na kumpa miezi miwili.

Sasa kuna kalenda ukutani, karibu na jiko. Siku miguu ikiuma Mjomba anaweka alama ya kalamu nyekundu, kwa mkono wa kulia. Mwezi wa Mei zipo alama sita. Ile karatasi ya duara ameibandika kando yake.