Hiyo pampasi siyo yangu

Jamani mi sina mtoto. Naanza na hilo kwa sababu kwenye kikao cha wapangaji kuna mtu alinitazama jicho baya. Sina mtoto, sijawahi kununua pampasi, hata sijui zinauzwa kwa umri au kwa kilo, sasa mniambie pampasi mbili zilizoumuka kama maandazi zilifikaje katikati ya chumba changu zikitokea kwenye tundu la bafu.

Ninapokaa ni Dodoma, upande wa kwenye mwinuko. Mzee mwenye nyumba alipochonga kilima aweke msingi, upande mmoja ukabaki na uwazi mkubwa chini ya nyumba. Mtu mwingine angejaza kifusi akaendelea na maisha. Yeye akapiga plasta, akatoboa kidirisha kinachoangalia miguu ya watu, akakiita apatimenti ya chini. Na ikapata mtu, maana serikali iliposema 2016 inahamia Dodoma safari hii kweli, siyo ile ya 1973 ya kuamua halafu watu wakabaki Dar miaka na miaka, kila mwenye tofali alijua ameula. Mji ukawa jiji 2018, sensa ya 2022 ikakuta jiji lina watu zaidi ya laki saba na nusu, na watu wote hao, samahani kwa lugha, wanaenda chooni. Shimo letu lilichimbwa kwa ajili ya mzee na mkewe na watoto wao. Leo humu ndani kuna mpangaji mpaka stoo, shimo ni lile lile.

Sasa maji hayana siasa. Shimo likijaa yanarudi kwenye bomba la inchi 4 yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote, na ndani ya uzio huu tundu hilo ni bafu langu. Mtu wa juu anaflashi, anasikia shwaaa, anaona ameshamaliza kazi, anajipulizia pafyumu anapanda daladala anaenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, kutumikia taifa. Huku chini tundu linaanza kuguna. Mguno ule mkiusikia msikae mkauchunguza, okoeni viatu.

Siku yenyewe mvua ilipiga. Mvua ya Dodoma mnaijua, miezi kibao kimya mpaka mtu unaanza kuogea kopo moja, halafu ikija inakuja na hasira zote za kiangazi. Na mzee, katika kubana matumizi, mabomba ya kukinga maji ya bati ameyaelekeza kwenye chemba ya choo, eti yasichimbe uwanja. Yaani bati zima la nyumba linamwaga ndani ya shimo la vyoo! Udongo wenyewe upande huu ni mfinyanzi, ukishashiba haunywi hata tone, kwa hiyo shimo la pili, lile la kupokea maji ya la kwanza yanywewe na udongo, halinyonyi, la kwanza limejaa, mvua inaongeza, na mapacha wa juu wanaharisha. Mi nimelala.

Nimeshusha mguu kitandani nitafute ndala, mguu ukaingia kwenye kitu cha vuguvugu.

Sitaeleza harufu. Nitaeleza ushahidi, kwa sababu ukikaa chini ya watu unawajua kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Kwanza zile pampasi, na wenye mapacha humu ndani ni familia moja tu. Kukawa na mlenda, tena mwingi, na dada wa chumba cha kona kila siku anatuambia siku hizi hali usiku, anafanya daeti. Kulikuwa na mbegu za zabibu, na wiki ile ile mzee alilalamika kuna mtu anaiba zabibu zake pale uani, akatuhutubia wote kama watoto wa darasa la tatu. Mwizi namjua, nitamtaja kodi ikipanda. Kulikuwa na kipande cha risiti ya mkeka wa mechi kutoka kwa yule kaka wa ulokole ambaye hataki hata tuwashe redio. Na juu ya yote yanaelea mabonge meupe magumu, nikadhani sabuni. Siyo sabuni, ni mafuta. Hapo mbele kwenye uzio kuna kibanda cha chipsi, na jamaa akifunga usiku yale mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi kama (basi) anayamwaga chemba. Yakiwa ya moto yanapita vizuri, yakipoa yanaganda ndani ya bomba yanashika kila kinachokuja nyuma. Chipsi mayai yake tamu lakini, siwezi kusema uongo.

Nikapanda ngazi usiku ule ule nagonga milango, naomba kitu kimoja, msiflashi. Baba mapacha akajibu kutoka ndani, "Sawa jirani, pole sana," halafu nikasikia shwaaa.

Kusafisha sasa. Asubuhi nafungua bomba, maji hakuna, zamu yetu ya mgao ilikuwa haijafika. Yaani chumba kimejaa maji lakini ya kusafishia hakuna, ikabidi niite kijana wa mkokoteni alete madumu na bei alivyoniona tu akaipandisha, nadhani harufu ndo ilimwambia nina shida. Nikavaa gambuti na glavu na kitambaa mdomoni. Jirani mmoja kapita ananiambia, "Unajitesa bure, mwaga Jik yote ukae pembeni." Mama yangu mdogo aliwahi kuwa mhudumu kituo cha afya, nilimpigia akanifokea kabla hata hajanisalimia. Kwamba uchafu unazolewa kwanza, halafu sabuni na brashi, halafu suuza, ndo klorini inafuata inakaa juu ya sakafu kama dakika kumi, kwa sababu ukiimwaga juu ya uchafu inapambana na uchafu inaishia hapo hapo, vidudu vinabaki vinakuangalia. Na nisithubutu kuichanganya na ile asidi ya kusugulia masinki, inatoa gesi inayochoma mapafu, na kidirisha chenyewe ndo hicho cha kuangalia miguu. "Kipindupindu ukikileta usije kwangu," akakata simu. Huo ndo upendo wa ukoo wetu.

Nikazoa kwa koleo, nikasukuma kwa skwiza, nikapiga deki, nikapiga tena. Ukuta umenyonya, plasta chini imevimba, ukigusa inamwagika. Kapeti nikaitupa. Godoro nalo la sponji, likishakunywa maji ya choo hakuna jua la Dodoma litakalolisamehe, nikaliegemeza nje ya geti lisubiri gari la taka. Kufika asubuhi halipo. Kuna mtu kalichukua jamani! Popote ulipo ndugu yangu, usilalie upande wa chini.

Fundi akaja, kijana ana waya mrefu na dharau nyingi. Anauliza shimo liko wapi. Hakuna anayejua. Mzee anakuna kichwa, anatembea uani anapiga kisigino chini anasikiliza mlio kama daktari na kifua cha mgonjwa, mwisho anasimama mbele ya kibanda cha chipsi. Mfuniko wa shimo uko chini ya jiko la chipsi. Alimpangishia jamaa juu ya mfuniko! Fundi akauliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, mzee akasema halijawahi kusumbua. Fundi anasema tope huwa linatolewa kila baada ya miaka mitatu, minne hivi, zaidi hapo linahamia shimo la pili linaziba udongo, na likishaziba huko hata kiangazi kitakusumbua. Mzee akarudia, halijawahi kusumbua. Ni kweli, yeye anakaa juu.

Basi kikao kikaitishwa uani, kila mtu kabeba stuli yake. Ajenda ni kuchanga hela ya gari la majitaka. Dada wa kona akasema yeye anaishi peke yake atachangia kidogo. Kaka wa ulokole akasema tuliombee kwanza jambo hili. Baba mapacha akashauri aanze aliyeathirika, wengine watafuata. Aliyeathirika nimekaa hapo nanuka klorini. Mzee kimya, anahesabu zabibu kwa macho.

Hapo fundi, ambaye alikuwa anasubiri hela yake tu, akasema kwa vile mnabishana kuna njia ya bei nafuu, kwenye bomba la huyu wa chini naweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, inaruhusu kutoka tu, kuingia hairuhusu. Watu wakapiga makofi. Mapacha nao wakapiga makofi. Dada akauliza kwa furaha kabisa, sasa fundi, yale yaliyokuwa yanaenda huko chini yatakuwa yanaenda wapi?

Fundi akasema yataenda tundu linalofuata kwa uchini.

Nani anafuata?

Akanyoosha kidole, taratibu, kwenye mlango wa baba mapacha. Na baada ya hapo? Kwa dada wa kona.

Sijawahi kuona watu wanatoa hela haraka vile. Simu zilitoka zote kwa pamoja, mpaka kaka wa ulokole alituma kabla ya kufumbua macho. Jamaa wa chipsi akasogeza jiko mwenyewe, mafuta yakiwa bado ya moto. Jioni gari likaingia, limenyonya weee, majirani wa mtaa mzima wamefunga madirisha, likaondoka na historia yetu yote kwenda kwenye mabwawa ya majitaka huko Swaswa.

Valvu nimewekewa pia, nililipia mwenyewe. Mzee kaja kuiangalia, kainama, kaigonga gonga, kafurahi. Akaniambia kijana, chumba sasa kimekuwa cha kisasa, kina mfumo, kuanzia mwezi ujao tutazungumza kidogo kuhusu kodi.

Nikamwambia sawa mzee wangu, shikamoo, ila na mimi nina mazungumzo kuhusu zabibu.