Mwanafunzi wa pakeji na dirisha jeusi

Ukitembea Mombasa mjini, kuanzia Digo Road hadi Mwembe Tayari, hukosi kibao cha chuo cha kompyuta kwenye ghorofa fulani. Masomo yanafanana: Windows, Word, Excel, PowerPoint, barua pepe na intaneti. Ndizo pakeji. Vijana wanaoandika programu huwacheka walimu wa vyuo hivi. Wao wanataka mwanafunzi afunguliwe teminali tangu siku ya kwanza, aamuru kompyuta kwa maandishi, aache kubofyabofya picha. Walimu nao hujibu kwamba msichana aliyelipa karo ili awe karani kwa mawakala wa mizigo bandarini hana shughuli na dirisha jeusi lenye herufi nyeupe. Kila upande una lake la kweli. Mimi naona teminali ifundishwe, ila isitangulie, na isifundishwe mtu ambaye hana kazi ya kuifanyia.

Hoja wanayoipenda vijana ni kwamba Mkenya tayari anatumia amri za kuandika. Mama karanga hubonyeza *334# akatuma pesa, hubonyeza *144# akaangalia salio, sasa ls, amri ya teminali ya kuorodhesha mafaili, itamshinda kwa nini? Hoja tamu, lakini ina ufa. Ukibonyeza *334# unaletewa orodha: tuma pesa, toa pesa, na kuendelea. Kazi yako ni kuchagua, na pesa haziondoki mpaka utie PIN. Teminali haileti orodha. Inakuwekea alama ya dola na kijiti kinachopepesa, kisha inanyamaza. Asiyejua la kuandika hana pa kushika.

Kimya hicho kina asili yake. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta zilikotoka amri kama ls, ilipoanzwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie hawakuwa na skrini za rangi. Watu wa wakati huo waliongea na kompyuta kupitia teletaipu, mtambo wa kuchapa kwenye karatasi, na ile ya Model 33 ilitoa herufi 10 tu kwa sekunde. Neno refu lilikuwa hasara ya muda. Kwa hiyo amri zikawa za herufi mbili, ls, cp (nakili), mv (hamisha), rm (futa), na amri iliyofaulu kwa kawaida haitamki chochote. Mwanafunzi wa Likoni leo anarithi ubahili wa karatasi ambazo hata hajawahi kuziona. Akiandika sudo, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na kuombwa nenosiri, kwenye mitambo mingi herufi anazoandika hazionekani, hata nukta moja. Wanaoanza hudhani kibodi imekufa, wakamwita mwalimu.

Hilo ni usumbufu tu. Hatari ipo kwingine. Tuseme folda ina hati za aina nyingi na mtu anataka kufuta zile za PDF. Anatakiwa aandike rm *.pdf. Nyota ina maana ya «chochote», kwa hiyo amri inasema: futa kila faili ambalo jina lake linaishia na .pdf. Sasa kidole kiteleze, iingie nafasi moja baada ya nyota: rm * .pdf. Kompyuta inasoma vitu viwili, «chochote» na faili liitwalo .pdf. Inafuta mafaili yote ya folda hiyo, halafu ndipo inalalamika kwamba .pdf haikuonekana. Hakuna ndoo ya taka ya kwenda kuyafukua. Mwalimu anayekataa kumpa mwanafunzi wa wiki ya kwanza chombo cha namna hiyo, kwenye kompyuta inayotumiwa na darasa zima, si mtu wa kuchekwa.

Lakini hebu twende kwenye ofisi ya huyo karani. Skana imetema mamia ya hati za mizigo ndani ya folda moja, za miaka mitatu au minne, na bosi anataka za 2024 ziwe peke yake. Kwa kipanya, ni kuchagua na kuburuta, kukosea, kurudia, mpaka adhana ya alasiri. Kama mwaka umo ndani ya majina ya mafaili, kwa teminali ni mistari miwili: mkdir 2024, kisha mv *2024*.pdf 2024. Wa kwanza unaunda folda, wa pili unahamisha kila PDF yenye 2024 katika jina. Ziwe hati tatu au elfu tatu, maandishi hayabadiliki. Tena kazi imeacha maandishi, mwezi ujao inarudiwa vilevile. Kubofya hakuachi cha kusoma. Ili umfunze mwenzako inabidi ukae naye bega kwa bega. (Usimtumie mistari hiyo kwa WhatsApp bila kumwonya, maana WhatsApp huzifanya nyota mbili ishara ya wino mzito: nyota zinapotea machoni, mwenzako anaandika alichokiona, na amri inakataa.)

Hapo ndipo hoja ya walimu inaponilegea. Wanasema karani hahitaji teminali, kumbe kazi ya karani imejaa kurudiarudia, na kurudiarudia ndiko teminali inakokuwezea. Nao vijana hufundisha kwa mifano ya programu na seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), mambo yasiyomhusu, halafu wanashangaa akisinzia.

Kuna pia tatizo la mitambo yenyewe. Kompyuta nyingi za vyuo na saiba zina Windows, ilhali mafunzo mengi ya bure mtandaoni ni ya Linux, mfumo mwingine unaofuata nyayo za Unix. Mtu anafungua dirisha la cmd, teminali ya Windows, anaandika ls, anaambiwa haijulikani. Kule ni dir. PowerShell, teminali nyingine ya Windows iliyotoka 2006, inaikubali ls, na tangu 2016 Windows yenyewe inaweza kubeba Linux ndani yake, lakini anayeanza atayajulia wapi hayo? Mwenye simu ya Android anaweza kuweka Termux akajifunza bila kompyuta, bora avumilie kuandika alama kwa kidole gumba.

Kwa anayetaka kazi za seva na mitandao sina mjadala naye. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na mitambo mingi wanayohudumia watu wa kazi hiyo ni ya Linux isiyo na picha wala kipanya. Huyo ajifunze mapema, ajifunze kwa kina.

Kwa wengine wote, ningeweka teminali baada ya Excel, mtu akishajua faili ni nini na folda iko wapi. Ningeanza na pwd (niko folda gani), ls na cd (ingia folda nyingine), ambazo kwa matumizi ya kawaida haziharibu kitu. Kabla ya mv au rm yenye nyota, aandike kwanza ls na nyota ileile aone itakamata nini. Na mv aizoee ikiwa na -i, imuulize kabla ya kufunika faili jingine lenye jina hilo. Siku hizi programu za akili mnemba zinamwandikia mtu amri akiomba, hivyo kukariri kumepungua thamani. Kuisoma amri kabla ya kubonyeza Enter kumeongezeka thamani, na hilo walimu wa pakeji wanaweza kulifundisha bila kuwa wahandisi.

Kinachonitia shaka ni cheti. Pakeji huuzwa kwa cheti, na cheti hutaja yale waajiri wanayoyauliza: Word, Excel. Bosi wa ofisi ya mizigo hajawahi kuuliza mv. Mpaka hapo mwenye chuo akikokotoa kodi ya nyumba na mshahara wa mwalimu, sioni kitakachomfanya aongeze hata alasiri moja ya teminali, isipokuwa wanafunzi waiombe wenyewe.