Kabla hujazima rauta, angalia taa

Nina ugomvi na sentensi moja: "Zima, subiri kidogo, halafu washa." Nimeambiwa na huduma kwa wateja, nimeambiwa na shemeji yangu, nimeambiwa na kijana wa duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo. Na mimi nimewaambia wengine, siwezi kujitoa. Safari hii imenigharimu wiki tatu na rauta mpya ambayo sikuihitaji.

Nafanyia kazi nyumbani, chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya mezani. Faiba imeingilia sebuleni, rauta iko chini ya televisheni, na kutoka hapo fundi alinivutia waya wa mita kama 12 hadi mezani kwangu. Waya niliutaka makusudi, maana WiFi ya kwetu ikishapita kuta mbili za tofali inafika imechoka. Mwaka na nusu sikuwa na la kulalamika. Mwezi wa sita ikaanza: uko katikati ya mkutano, nyuso za watu zinaganda, sekunde kumi, ishirini, zinarudi. Dakika tano baadaye, tena. Asubuhi shwari, jioni vurugu.

Nikafanya tunavyofanya wote. Nanyanyuka, naenda sebuleni, nachomoa rauta, nahesabu hadi thelathini, nachomeka, narudi kukaa. Na inatulia kweli! Nusu saa, siku nyingine saa nzima. Kila ilipotulia nilizidi kuamini kwamba mbovu ni rauta, na kama si rauta basi kampuni inayoniuzia mtandao. Tangu ile Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini tukabaki tunahangaika, kila mtu mtaani kwetu amekuwa bingwa wa mambo ya chini ya bahari. Mtandao ukikohoa tu, utasikia "ni kule kwenye maji." Zile mita 12 za ndani ya nyumba yake hakuna anayezifikiria.

Huduma kwa wateja nimewapigia mara nne. Dada wa mara ya tatu alikuwa na adabu sana: "Samahani kaka, umeshajaribu kuzima na kuwasha?" Nimeshajaribu, dada. Nimejaribu mpaka kitufe kimefutika maandishi.

Ushahidi nilikuwa nao tangu wiki ya kwanza, ila nilikataa kuusikiliza. Siku moja nimetoka chumbani nafoka, mke wangu yuko kwenye kochi anaangalia video kwenye simu. "Mbona kwangu inacheza?" Nikamjibu kitaalamu kabisa kwamba simu haili mtandao mwingi. Jibu la kijinga. Simu yake na kompyuta yangu zinakunywa kisima kimoja. Kama mmoja anapata maji na mwingine hapati, tatizo haliwezi kuwa kisimani. Ni bomba.

Wiki ya tatu, rauta mpya ikiwa imeshafungwa na mambo yakiwa yale yale, ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilifungua madirisha mawili meusi ya amri kwenye kompyuta, nikatumia ping, amri inayoiuliza mashine nyingine "upo?" tena na tena na kuonyesha jibu. La kwanza nikaandika ping -t 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani ya rauta yangu (yako utaikuta kwenye kibandiko chini ya rauta). La pili ping -t 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google huko nje. Nikayaacha yakimbie huku nafanya kazi. Hesabu yake ni nyepesi: majibu yakisimama kwenye la pili peke yake, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa nje ya nyumba, piga simu ulalamike. Yakisimama yote mawili kwa pamoja, usimpigie mtu. Ni kwako.

Yalisimama yote mawili. Nikainama nyuma ya kompyuta na tochi ya simu. Pembeni ya tundu la waya kuna vitaa viwili. Kimoja huwaka kuonyesha kwamba waya umeshikana, kingine hucheza data inapopita. Vyote vilikuwa vimezima. Baada ya sekunde chache vikarudi. Nikafungua mipangilio ya mtandao, kasi ya kiungo kati ya kompyuta na rauta ikasoma 100 (megabiti kwa sekunde), wakati rauta na kompyuta zote zina uwezo wa 1000. Hapo waya ulikuwa umeshakiri kosa. Ndani ya waya kuna nyuzi nane, jozi nne. Kasi ya 100 inahitaji jozi mbili tu. Kasi ya 1000 inataka zote nne. Jozi moja ikichechemea, kadi nyingi za mtandao hujaribu ile 1000, zikishindwa zinashuka kwenye 100 kimyakimya, wala hakuna anayekuambia.

Sasa, kwa nini jioni? Na kwa nini nikizima rauta inapona?

Mlango. Jioni watoto wanarudi, katuni zinafunguliwa, nami nafunga mlango. Waya ulipita chini ya mlango, kwenye kona ya upande wa bawaba. Mwezi wa sita kusi linavuma, dirisha langu limeelekea huko, upepo unausukuma mlango kidogo na kuuachia, kidogo na kuuachia, na kila ukisukumwa unauminya waya. Nikikasirika naenda sebuleni kuzima rauta. Kwenda sebuleni lazima nifungue mlango. Nikirudi nauacha wazi, kwa sababu nategemea kwenda tena. Wiki tatu nilikuwa natibu ugonjwa kwa kufungua mlango, sifa anapewa rauta.

Niliukata waya pale ulipominywa nikauchuna kwa wembe. Ganda la nje lilikuwa limebonyea tu, hata halijachanika. Ndani, uzi mmoja ulikuwa umekatika na ncha zake zinagusana zikipenda. Nikakwangua uzi mwingine: juu rangi ya shaba, chini mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nikaupinda huku na huku mara chache, ukavunjika kama njiti. Kwenye ganda pameandikwa CAT6, daraja la waya wa mtandao, kwa herufi nzuri tu, ingawa viwango vya nyaya hizi vinataka shaba tupu. Fundi simlaumu sana, nilimwambia mwenyewe alete wa bei nafuu. Anayeuza bila kumwambia mteja ndiye nina neno naye.

Sisemi kuzima na kuwasha hakufai kamwe. Kuna rauta inayopata joto ikazubaa, hiyo itapona. Lakini kunafuta alama: rauta nyingi za nyumbani zikizimwa hupoteza kumbukumbu za kilichotokea, na kila mtu anarudi kwenye kiti chake bila kujua lolote. Angalia vitaa kwanza, andika saa, jaribu waya mwingine hata wa kuazima, ndipo uzime. Na ukiwa hapo hapo, kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao ya Windows kuna sehemu ya kuiruhusu kompyuta izime kadi ili kuokoa umeme. Kwangu ilikuwa na tiki. Haikuwa ndiyo mchawi, lakini niliitoa. Kompyuta ya mezani inaokoa umeme wa nini?

Waya mpya, shaba tupu, umepita juu ya fremu ya mlango kwenye tundu la dirili. Kasi inasoma 1000, mlango umefungwa, kusi bado linavuma. Ile rauta mpya nimeirudisha kwenye boksi lake, iko juu ya kabati. Mwenye kuihitaji tuzungumze.