Bafa Yangu Isiyoyumba

Afadhali niseme mwenyewe, maana mwenzangu wa benchi ameshasambaza video, na maelezo yake ameyatia chumvi hadi sodiamu kloraidi inaona haya.

Jana, maabara, Kampala. Bafa ya asetati, yaani mchanganyiko ambao pH yake (kipimo cha uasidi: chini ya 7 asidi, juu yake alkali) haiyumbi ukitia asidi au alkali kidogo; yangu iwe pH 4.76. Asidi asetiki ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi) mililita 50, sodiamu asetati ya 0.1 M mililita 50, changanya, pima, nenda zako ukale roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai). Zikiwa sawasawa, pH ni ile ile pKa ya asidi (namba inayoonyesha nguvu yake), yaani 4.76. Hata mtoto wa S5, kidato cha tano, anaweza.

Nikatumbukiza elektrodi ya mita ya pH: 4.1. Nikachukua sodiamu haidroksaidi ya 1 M, alkali kali, ili kuipandisha, nikatia mililita moja. 4.1. Nyingine. 4.1. (Mliosoma kemia, msianze kucheka, subirini.) Ya tano, ya nane, 4.1 vilevile. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikavimba kichwa. "Njooni muone bafa! Zenu zinatishwa na tone, yangu mwaga tu!" Nikamwaga, mkono mmoja kiunoni, hadi ya kumi na mbili. Simu ya mwenzangu inarekodi.

Mama wa maabara, msimamizi wetu, akaja kimya. Akachovya litmasi nyekundu, karatasi inayogeuka bluu kwenye alkali. Ikawa bluu papo hapo. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akainua elektrodi polepole, kama mtu anayevua samaki asiyemwamini, na hapo ndipo nilipokiona: kikofia. Kile kikofia cha plastiki chenye maji ya potasiamu kloraidi ya kuitunzia elektrodi, kimekaa pale pale, kimekazwa vizuri. Muda wote napima maji ya ndani ya kikofia! Akakizungusha kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani, akaisuuza elektrodi, akairudisha kwenye bika. Namba zikakimbia kama boda inayowahi abiria: 7, 10, 12.2… 12.8. Zikatulia. Maabara nzima ikatulia nazo.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulionimaliza, "hii peleka ukazibulie sinki."

Nikarudia, nikapata 4.7, na hakuna aliyerekodi. Nikamhonga mwenzangu roleksi mbili afute video. Kala zote mbili. Leo alfajiri mama yangu mzazi kanipigia kutoka Arua: "Baba, ni kofia gani hiyo unayosahau kuvua darasani?"