Woga katika Kazi ya Pamoja Hauondolewi kwa Kuambiwa "Jiamini"

Anayetunga wimbo, anayeandika mchezo wa kuigiza au anayechora kitabu pamoja na wenzake hukabiliwa na woga ambao anayefanya kazi peke yake haujui. Aliye peke yake huweza kuchana ukurasa mbaya kabla haujaonwa na yeyote, lakini katika kikundi wazo hulazimika kutolewa likiwa bado bichi, tena mbele ya watu ambao pengine wamemzidi ujuzi. Ndiyo maana utamsikia mtu akianza kwa kusema, "Sijui kama hili lina maana, lakini...", kisha sauti inashuka, macho yanarudi kwenye daftari, na sentensi haimaliziki.

Mtu huyo kwa kawaida huambiwa ajiamini. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini naona unamtwika mmoja mzigo ulio wa kikundi kizima. Kujiamini hakutangulii kusema: mtu husema, husikilizwa, wazo lake hufanyiwa kazi, na ndipo kikao kinachofuata humkuta na moyo zaidi.

Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo ya biashara wa Marekani aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1953, alishauri watu wakae pamoja na kumwaga mawazo yote yanayowajia, ukosoaji ukisubiri baadaye. Alilenga kuondoa hofu ya kuhukumiwa, na kwa hilo alikuwa na haki. Hata hivyo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, walipata mengi kuliko wanne walioketi pamoja. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walibaini kuwa kikwazo kikubwa kilikuwa kusubiri zamu ya kuzungumza. Kwa mwenye woga, kusubiri huko kunaumiza zaidi, maana kila dakika humpatia sababu mpya ya kulikataa wazo lake kimoyomoyo.

Kwa hiyo napendelea vikao vinavyoanza kwa ukimya, kila mmoja akiandika yake kwa dakika kumi, halafu karatasi zikusanywe na kusomwa na mtu mmoja bila kutaja majina. Pendekezo la mgeni husomwa kwa sauti ileile ya pendekezo la mkongwe, na mara nyingi mgeni hugundua kwamba wanaojadili kwa shauku wanajadili lake.

Jambo jingine ni kupata mwenza mmoja tu. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu wengi walikubali angalau mara moja jibu lililokuwa wazi kuwa si sahihi kuhusu urefu wa mistari, kwa kuwa wengine wote chumbani, waliokuwa wamepangwa na mtafiti, walilitoa. Alipowekwa mtu mmoja wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Katika kazi ya ubunifu, mwenza huyo ni yule anayesema, "Hebu turudi pale uliposema binti asiifungue barua, tusipapite haraka." Hajasifu chochote, lakini amelirudisha mezani wazo lililokuwa likizama.

Sisemi kwamba ukosoaji ufichwe, kwani kikundi kinachosifu kila kitu nacho huua imani, kwa kuwa hakuna anayejua sifa ipi ni ya kweli. Mwenye rasimu aseme mapema anataka kukosolewa nini, kama ni mpangilio wa matukio au lugha ya wahusika, na wenzake waheshimu mpaka huo kwa siku hiyo.

Tena kuna hofu ambayo wengi huona haya kuitaja, ya kunyang'anywa wazo. Hiyo haiponywi kwa maneno matamu. Makubaliano kuhusu majina ya watunzi na mgawanyo wa mapato yaandikwe kabla ubeti wa kwanza haujatungwa.