Kunguru Akikuzoea, Je, Amekuamini?

Kampala hakuna asiyemjua kaloli. Yule korongo mkubwa mwenye upara husimama jalalani hatua chache kutoka kwa mtu anayeokota chupa, wala hashtuki. Wengi humtaja kuwa ushahidi kwamba ndege wa porini anaweza kumwamini binadamu. Mimi siafiki. Kaloli ametuzoea tu. Kuzoea na kuamini ni mambo mawili, na ubishi wetu kuhusu kulisha ndege huyachanganya kila mara.

Mtazame magpai, ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, wa ukoo wa kunguru, anayeishi Ulaya na Asia. Huko Seoul, Korea Kusini, watafiti wa chuo kikuu walikuwa wakipanda miti kukagua viota vyake. Matokeo yao ya mwaka 2011 yanafikirisha: magpai walimwandama yule aliyepanda, hata alipotembea na mwenzake aliyevaa nguo kama zake. Wawili hao wakiachana njia, ndege alimfuata mpandaji. Yaani hatambui "watu" kwa jumla, anamtambua fulani. Na kule Seattle, Marekani, kunguru walionaswa na watu waliovaa kinyago waliendelea kukipigia kelele kinyago hicho kwa miaka. Makinda wao, ambao hawakuwahi kunaswa, walijifunza uadui huo kwa wazazi.

Hapo wanaotetea kulisha ndege wanapata nguvu. Kama ndege anatofautisha sura, basi wema wa nyumba moja haumpeleki mikononi mwa kijana mwenye manati nyumba ya pili. Tena mtoto aliyemjua kunguru mmoja kwa tabia zake, naamini, atasita kumrushia jiwe.

Lakini wanaopinga hawasemi ovyo. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Chakula kikimwagwa sehemu moja, ndege husongamana, na kuku wetu wanadonoa papo hapo. Mama anayefuga kuku naye ana kesi yake: kunguru aliyezoeshwa uani leo, kesho anaondoka na kifaranga. Kwangu hoja hizi zina uzito zaidi, na naongeza moja. Anayefuata mkate anafuata mkate. Siku ukiisha, utajua kama alikuwa akikufuata wewe.

Sisi Uganda tuna ndege wa kutufunza njia nyingine. Ni piapiaki, mweusi, mkia mrefu, wa ukoo huohuo wa kunguru, anayependa sehemu zenye mivumo, miti mirefu ya jamii ya mnazi. Hutembea miguuni mwa ng'ombe na kupanda mgongoni mwao, hata mwa tembo, akila wadudu. Ng'ombe hambembelezi kwa lolote. Anakula nyasi zake, havizii, hakimbizi.

Karibu na Arua nilimkuta mchungaji mmoja mzee, ndege hao wakizunguka fimbo yake.

"Mzee, unawapa nini?"

"Siwapi kitu, mwanangu. Napita hapa na ng'ombe kila siku."

Nikasogea hatua mbili. Wote wakaruka hadi juu ya mvumo, wakapiga kelele. Nikarudi nyuma kwenye kivuli nikakaa kimya. Mzee alipoanza tena kutembea, walishuka mmojammoja, wakamfuata yeye na ng'ombe wake.